Kohozi la Asubuhi

Jioni ile Mama Kidoti alipouchukua mto wa mwanawe na kuupeleka chumba cha bibi yake, vita iliyokuwa ikipiganwa kwa miguno na kubamiza milango ilipata maneno.

"Huo mto unakwenda wapi?" mumewe aliuliza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda anavua viatu, na viatu vyake, kama kila kitu chake, vilikuwa vimepauka kwa unga. Alikuwa mkandaji kwenye kiwanda cha mikate.

"Kwa Bibi. Kidoti hatalala tena chumba kimoja na kikohozi hicho."

"Kikohozi kipi? Huu ni unga, Mama Kidoti. Nenda kiwandani ukawasikilize wenzangu. Sote tunabweka."

"Basi nendeni wote mkapimwe. Mficha maradhi kilio humfichua."

Mumewe alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi chenyewe kikakataa kuisha. Mama Kidoti alisimama mlangoni, mto kifuani, akasubiri. Hakumpa maji. Alimtazama tu, kama mtu aliyeona shahidi wake mwenyewe akipanda kizimbani, kisha akavuka ukumbi mwembamba uliotenganisha vyumba vyao viwili.

Mama mkwe alikwisha sikia yote. Magoti yake yalikuwa yamezeeka lakini masikio yalikataa kuyafuata. Alikuwa amejilaza kitandani, dirisha limefungwa kama kawaida yake kwa kuogopa baridi, kipande cha tangawizi shavuni. Alikuwa akitafuna tangawizi asubuhi mpaka jioni, akidai moshi wa jiko la mkaa unamkwaruza koo.

"Mtoto hulala kwa wazazi wake," alisema. "Kitanda changu hakitatumika kumtenga mwanangu."

"Simtengi mtu, Mama. Namkinga mtoto. Huku kwako ndiko kwenye usalama."

"Usalama! Mwanangu anawaletea mkate wa moto kila jioni, leo amekuwa sumu." Akapaza sauti ivuke ukumbi. "Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu! Nilikwambia kabla hujaoa, hukunisikia!"

Lakini Kidoti alikuwa ameshaingia kwa mbio na kurukia kitanda, na bibi hakuwa na ubavu wa kumfukuza. Alimnyanyulia shuka. "Haya, njoo mke mwenzangu. Njoo ulale na wenye afya zao."

Mama Kidoti aliweka mto, akaunyoosha, akatoka. Usingizi wake ulikuwa mzuri kuliko aliowahi kuupata tangu mumewe aanze kukohoa. Mtoto alikuwa salama, na hilo ndilo lililokuwa likimnyima raha. Mengine yote, matusi ya mama mkwe pamoja na mgongo wa mumewe, aliyaona ni mambo ya kuvumilika.

Mtaani walimwita Mama Makohozi. Jina hilo hakulipewa kwa mapenzi. Lilitokana na kazi yake ya kupima makohozi ya watu kwenye zahanati, na vidole vyake ambavyo havikukosa wekundu wa rangi pembeni mwa kucha hata angevisugua kwa jiwe. Mama mkwe alilifupisha jina likawa Makohozi tu. Tena alikuwa na kikombe chake na sahani yake, vimetengwa juu ya kabati, visiguswe na mkono uliogusa uchafu wa vifua vya watu. Kidoti peke yake ndiye aliyeruhusiwa kunywea kikombe hicho.

*

Maabara ya zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kupokelea vikombe na dirisha la kutolea majibu, na yote mawili yalikuwa ya Mama Kidoti. Nyuma, kwenye kona, alikaa mkuu wa maabara, mzee mkavu wa maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakiki na kutia sahihi.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unatafuta ndani ya kikombe sehemu nzito ya manjano, maana ndiko waliko wadudu wenyewe. Unaitandaza juu ya kioo kwa ncha ya kijiti, isiwe nzito kama uji wala nyepesi kama jasho. Unaacha ikauke yenyewe, kisha unakipitisha kioo juu ya moto wa taa ya spiriti ili kilichomo kishikamane. Baada ya hapo unamwaga rangi nyekundu na kupitisha moto tena chini yake, mpaka mvuke upande, lakini ole wako rangi ichemke. Halafu asidi. Asidi huosha wekundu wote isipokuwa ule uliomo ndani ya kijidudu cha kifua kikuu, kwa sababu kile kina ngozi ya nta na kikishainywa rangi hakiitapiki. Mwisho unamwaga buluu juu ya kila kitu, ili vile vijiti vyekundu vikose pa kujificha. Asiye navyo hubaki buluu tupu.

Mama Kidoti aliipenda asidi kuliko kitu chochote mezani pale. Haikuwa na mkwe wala shemeji, haikumwonea mtu haya.

Siku waliyokuja watu wa kiwanda cha mikate, foleni ilifika mpaka nje. Msimamizi wao alikuwa amewakusanya wote wenye kikohozi, na agizo lake lilikuwa jepesi: bila karatasi ya maabara, hakuna kurudi kwenye unga. Walikuwa wakitaniana kama watoto wa shule wanaosubiri sindano. Mume wa Mama Kidoti alikuwa katikati yao. Alipofika dirishani alisukuma kikombe chake bila salamu.

Mama Kidoti alikiinamisha kwenye mwanga. Maji, na povu juu.

"Haya ni mate."

"Ndiyo yaliyotoka."

"Mate hayapimwi. Kohozi linatoka kifuani, asubuhi, kabla hujapiga mswaki. Kalete kohozi. Aliye nyuma yake!"

Maneno hayo aliyasema kila siku, kwa watu wa kila namna, na kwa kawaida aliyasema kwa sauti ya chini, maana si jambo dogo mtu mzima kuambiwa hajui kukohoa. Kwa mumewe hakushusha sauti. Kusema kweli alisikia utamu kidogo ulimini.

"Kaka, hata nyumbani huwa unakataliwa hivyohivyo?" mmoja aliuliza kutoka nyuma, na foleni nzima ikaangua kicheko.

"Mama Makohozi hana mchezo, jamani. Mume anapanga foleni kama sisi, na bado anarudishwa!"

Msimamizi hakucheka. "Wewe," alimwambia, "usinikanyagie kiwandani mpaka ulete karatasi."

Mumewe alichukua kikombe chake cha mate, akapita mbele ya wenzake wote nacho mkononi, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kutokea.

*

Aliporudi nyumbani alikuta kesi imeshasikilizwa, kilichobaki ni hukumu. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya ukumbi. Mama mkwe amekaa kwenye kigoda, Kidoti mapajani, kikombe chake cha pekee mkononi.

"Umenivua nguo mbele ya watu," mumewe alisema.

"Nimekuambia ulete kohozi."

"Ungeniita pembeni."

"Ungekohoa."

"Akohoe nini?" mama mkwe aliingilia. "Mtu mzima wa afya atayatoa wapi makohozi? Unataka akayanunue sokoni?"

"Mama, kila usiku anakohoa ukuta unatikisika. Hayo ya usiku huwa yanakwenda wapi?"

"Makohozi wewe, kazi yako imekula akili yako. Ukimwona mtu humwoni mtu, unaona kikombe."

Maneno hayo yalimchoma Mama Kidoti kwa sababu yalikuwa na chembe ya ukweli. Akafungua mdomo ajibu, mumewe akamtangulia. Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulimtisha kuliko makelele.

"Nisikilize vizuri. Nikiipoteza ile kazi kwa mkono wako, utafungasha. Utakwenda kwenu na vioo vyako. Kidoti anabaki."

Kidoti, aliposikia jina lake, aliinua kichwa kuangalia kama kuna kitu anapewa.

"Si mimi nitakayesema," Mama Kidoti alijibu, na sauti yake haikuwa imara kama maneno yenyewe. "Kioo ndicho kitakachosema."

"Kioo hakina mdomo," mama mkwe alisema. "Mdomo ni wako."

*

Asubuhi, alipokuwa akitoka kwenda kazini, alimkuta mama mkwe uani ameinamia jiko, anapuliza mkaa huku moshi umemfunika kichwa, anakohoa kama akohoavyo kila mtu anayepuliza mkaa mbichi.

"Shikamoo, Mama."

Kilichomjibu ni kikohozi. Marahaba hakuipata, na wala hakuisubiri.

Saa za kupokea vikombe zilikuwa karibu kuisha mama mkwe alipotokea mwenyewe pale dirishani. Alikuwa amevaa gauni lake zuri, lile la kwendea kwenye sherehe, kiuno chake kimebanwa kwa pini juu ya mshono uliokuwa umeshapunguzwa. Mkononi alikuwa na kikombe kilichofungwa kwenye leso. Watu walimpisha.

"Ya mwanangu," alisema, akikiweka. "Yeye haji tena kuchekwa hapa. Hilo ni kohozi. Litazame mpaka macho yako yashibe."

Lilikuwa kohozi kweli, zito, la manjano yanayokwenda kwenye ukijani. Mama Kidoti hakuhitaji kuliinamisha. Alikuwa amemtolea mumewe maneno ya kila aina, lakini sasa, mbele ya ushahidi wenyewe, alikumbuka kwamba mtu huyu humwachia upande wa ukutani anapolala ili upepo wa mlangoni usimpate.

Akatandaza. Akakausha. Akapitisha kwenye moto. Mikono ilikuwa ikifanya kazi yenyewe, naye alikuwa akiomba. Aliiomba asidi ioshe yote, safari hii tu, iache buluu tupu. Kisha akadondosha tone la mafuta juu ya kioo na kuinama kwenye hadubini.

Walikuwepo. Hawakuwa mmojammoja wa kutafutwa kwa tochi. Walikuwa vishada kwa vishada, wekundu juu ya buluu, kama njiti za kiberiti zilizomwagika sakafuni.

Hakuamini, na kitu cha kwanza alichokishuku ni mkono wake. Huenda fimbo ya kudondoshea mafuta iligusa kioo cha mgonjwa mwingine na kuwahamisha. Huenda vioo vililala vikigusana kwenye kichanja. Alichukua kioo kipya kutoka kwenye boksi, akakipaka peke yake, mbali na vingine, akafungua chupa mpya ya mafuta. Matokeo hayakubadilika. Ndipo akamwita mkuu.

"Fimbo haikugusa?"

"Haikugusa. Nimerudia kwa kioo kipya."

Mkuu aliinama kwenye kioo cha kwanza, kisha cha pili. Alikaa hapo muda mrefu.

"Huyu hakuanza jana," alisema hatimaye. "Hawa wameshajenga, wameezeka, wanakaribisha wageni. Ni nani?"

"Mume wangu."

Mkuu alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Na kioo chake umekipaka mwenyewe? Kinyozi hajinyoi, mama. Ungeniachia." Akatia sahihi. "Nani analala naye chumba kimoja?"

"Mimi tu. Mtoto nilimhamishia kwa bibi yake."

"Hapo ulifanya la maana," mkuu alisema, na Mama Kidoti akayashika maneno hayo kama mtu anavyoshika nauli yake njia nzima.

*

Alifika nyumbani jua bado liko juu. Jiko lilikuwa halijawashwa; majivu ya asubuhi yalikuwa bado yamelala ndani yake. Ukumbini mama mkwe alikuwa anamsuka Kidoti, mtoto amekaa chini katikati ya magoti yake, nusu ya kichwa mistari, nusu imesimama. Mumewe alikuwa ameegemea mlango wa chumba chao, bila kazi, mikono haijui ijiweke wapi.

Mama Kidoti alikuwa amejipanga njia nzima aseme kwa upole. Akampa karatasi. "Baba Kidoti, inatibika. Nakuapia inatibika. Dawa zipo palepale zahanati, hazilipiwi. Utakunywa, utapona, na msimamizi wako nitakwenda kuongea naye mimi mwenyewe."

Mumewe alisoma. Rangi ilimtoka usoni. Lakini hakumtazama mkewe. Alimtazama mama yake, na akaendelea kumtazama.

"Wamesema nini?" mama mkwe aliuliza.

"Wamesema ninao."

Mama mkwe akapiga makofi, akacheka kicheko cha mtu aliyetega mtego na sasa ameusikia ukifyatuka.

"Nilijua! Sikukwambia? Sikukwambia mwongo huyu?" Alimnyooshea Mama Kidoti kitana. "Sasa sikiliza wewe, Makohozi. Kohozi lile si la mwanangu. Ni langu! Nimelitoa mwenyewe pale jikoni asubuhi, mbele ya macho yako, ukanipita na shikamoo yako ya kinafiki. Yeye alikuwa amelala. Nilisema, ngoja nimpelekee la mtu mzima, la mtu asiyejua kitanda cha hospitali, tuone ataandika nini. Na umeandika! Umeandika mauti juu ya kohozi la mtu mzima! Umeumbuka!"

"La kwako," Mama Kidoti alisema.

"Langu! Nimezaa, nimelea, nimezika mume, sijawahi hata kumezeshwa kidonge. Mimi ndiye ninayeumwa? Mimi?"

Akacheka tena, na safari hii kicheko kilimkwama. Akakohoa. Akatia leso mdomoni, akakohoa zaidi, akainama mpaka paji la uso likagusa nywele za Kidoti. Kilikuwa kikohozi kilekile cha uani cha kila asubuhi, ambacho nyumba nzima ilikizoea kama inavyozoea jogoo. Tofauti ilikuwa moja tu. Hapakuwa na moshi.

Kila mtu ukumbini alilisikia hilo kwa wakati mmoja. Mumewe aligeuka akalitazama jiko lililopoa, kisha akamtazama mama yake: lile gauni lililobanwa pini, ile mikono ambayo bangili zake sasa zilipanda mpaka karibu na kiwiko.

"Mama," alisema.

"Ni moshi," mama mkwe alisema, leso ikiwa bado mdomoni.

"Mama, jiko halijawashwa."

"Vioo vilikuwa viwili," Mama Kidoti alisema. Hakumwambia mtu maalumu. "Mkuu ameviona vyote viwili. Nilidhani ni mkono wangu umekosea, nikarudia. Mama, umeanza lini kukohoa?"

Mama mkwe alikuwa ameanza kuhesabu mwenyewe, ilionekana usoni, na hesabu hiyo ilikuwa inarudi nyuma mbali.

"Kidoti," Mama Kidoti aliita. "Njoo huku."

"Bado upande huu," Kidoti alisema, akionyesha nywele zake zilizosimama.

"Nimesema njoo!"

Mtoto alishtuka akaanza kulia. Mama mkwe alimshika mabega, si kwa kumzuia, kwa kujishikilia. Alipoinua uso, chuki yake ilikuwa palepale, haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa imepata mkuki.

"Ulimleta mwenyewe," alisema taratibu. "Nilikwambia mtoto hulala kwa wazazi wake. Nilikwambia au sikukwambia? Ukamnyanyua kutoka kwa baba yake, ukamleta kwangu, ukaninyooshea mto. Ukasema kwangu ndiko kwenye usalama."

Mama Kidoti alitafuta jibu. Alikuwa na jibu la kila kitu katika nyumba ile, tangu siku aliyoingia. Aliwaona tena wawili wale kitandani, dirisha limefungwa, pumzi moja ikiingia na kutoka kwa wote wawili mpaka asubuhi, na yeye ng'ambo ya ukumbi akilala usingizi wake mzuri.

*

Kesho yake mumewe alikohoa mbele yake. Alichukua kikombe, akasimama uani, akavuta pumzi mpaka mbavu zikaonekana, akakohoa na kutema, na muda wote macho yake hayakumtoka mkewe.

"Umeona linakotoka?" alisema. "Usije ukasema umeletewa la jirani."

Mkuu alikipaka kioo kile yeye mwenyewe. Mama Kidoti aliruhusiwa kuangalia baadaye, akakipitia kioo kizima, mstari baada ya mstari, hata baada ya macho kuanza kutoa machozi. Kilikuwa buluu. Buluu kutoka ukingo mpaka ukingo. Kikohozi cha mumewe kilikuwa cha unga, kama alivyosema tangu siku ya kwanza, na pengine unga huo ungemletea balaa lake siku nyingine, lakini si hili.

Alimpa karatasi kupitia dirisha la majibu. Mumewe aliikunja akaitia mfukoni.

"Ulinitenga bure," alisema. "Na mtoto ukamlaza..." Hakuimaliza. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alikohoa kwa adabu, naye akaondoka kwenda kiwandani.

Mama mkwe alikataa katakata kutema mbele ya dirisha la mkwe wake. Mwanawe ndiye aliyekuwa amempeleka asubuhi hiyohiyo kabla ya kwenda kiwandani, akampitisha mlango wa nyuma kwa mkuu, na kioo chake, safari hii kwa jina lake mwenyewe, kikasema kilekile. Akaandikiwa dawa. Muuguzi akawaeleza masharti: dawa zisikatwe hata siku moja, dirisha la chumba liwe wazi, na mpaka dawa zishike kazi mgonjwa alale peke yake. Mama mkwe alisikiliza huku anatazama ukuta, kama anayesomewa mashtaka ya mtu mwingine.

"Na mtoto?" Mama Kidoti alimuuliza mkuu walipobaki wawili. "Nimpake leo hii? Nikimwamsha asubuhi na mapema..."

"Umpake nini? Wadogo kama yule hawatemi, mama. Wanameza. Unalijua hilo."

Alilijua. Alikuwa amewaambia wazazi wengine mara nyingi, dirishani pale, kisha akaita aliye nyuma yao.

"Daktari atamwangalia," mkuu alisema. "Atapimwa uzito, atapewa dawa ya kumkinga, mtamtazama. Ni kusubiri tu." Akageukia hadubini yake. Mezani vioo vya watu wengine vilikuwa vimejipanga vikikauka, na Mama Kidoti akavirudia kwa sababu ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

*

Jioni hiyo Kidoti alioga, akavaa gauni la kulalia, akachukua mto wake uliokuwa umerudishwa chumba cha wazazi, akaukumbatia na kuvuka ukumbi kama alivyozoea. Mama Kidoti alikuwa anafuta meza. Alitaka kumwita, lakini mtoto alikuwa ameshaufikia mlango wa bibi yake, na bibi mwenyewe alikuwa amesimama pale, mkono juu ya kizingiti.

"Unataka nini?"

"Kulala."

"Humu hulali."

Kidoti alicheka. Alidhani ni utani wao. "Sogea bwana, Bibi."

"Nimesema hulali. Unapiga mateke. Unanikojolea kitanda. Sikutaki."

"Mimi sikojoi!" Kidevu cha Kidoti kilianza kutetemeka. "Mimi si mke mwenzako?"

"Nani kakudanganya? Mke mwenza gani asiye na meno ya mbele? Nenda kwa mama yako Makohozi huko, mkanukiane."

Mlango ukafungwa. Kisha komeo lile, ambalo halikuwahi kutumika tangu nyumba iwe nyumba na kutu ilikuwa imelikalia, likasukumwa kwa nguvu mpaka likaingia. Kidoti alipiga yowe. Aliupiga mlango kwa mto, akaupiga kwa mguu, akamwita Bibi majina yote mabaya anayoyajua mtoto wa umri ule, ambayo karibu yote alikuwa amefundishwa na Bibi huyohuyo.

Baba yake alitoka chumbani, akawaona, akarudi ndani. Mama Kidoti alisogea mpaka mlangoni. Hakujua anataka kusema nini. Pengine samahani, pengine ahsante. Katika nyumba ile hapakuwa na mazoea ya neno lolote kati ya hayo.

"Mama," alisema kupitia ubao.

"Na wewe ondoka hapo mlangoni kwangu."

Kikohozi kikaanza. Hakikumezwa safari hii, wala hakikufichwa kwenye leso wala kwenye tangawizi. Kilitoka wazi, kirefu, cha mtu aliye peke yake chumbani. Kilipotulia, Mama Kidoti alisikia miguu ikijikokota sakafuni, kisha bawaba zikilia, na lile dirisha lililokuwa likifungwa mwaka mzima kwa kuogopa baridi likasukumwa wazi mpaka mwisho.

Akamnyanyua mwanawe pamoja na mto wake. Kidoti alimng'ang'ania shingoni, uso umelowa, nusu ya nywele imesukwa na nusu bado.

"Bibi ananichukia," alisema kwa kwikwi.

"Hapana, mwanangu," Mama Kidoti alisema, akivuka naye ukumbi. "Anayechukiwa ni mimi."